Nasaha za Nyumbani: Breki Kabla ya Injini



Katika miezi hii michache tumeulizwa swali moja na kina mama watatu wasiojuana. Mume wa mmoja, mwana wa mwingine, na kaka wa yule wa tatu, kila mmoja amekokota gari kuukuu hadi uani kwake, na tangu siku hiyo jioni zake zote, pamoja na sehemu ya mapato yake, huishia chini ya gari hilo. Kina mama wanauliza: je, huu ni ufundi au ni israfu?

Tuliliahirisha jibu kwa sababu swali lilitugusa wenyewe. Uani kwetu, chini ya turubai, imelala Peugeot 404 ya marehemu baba yetu, gari la aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Kila kaskazi na kila kusi hewa ya chumvi huila kidogo zaidi, na kila Idi tunapokutana ndugu tunaambiana kwamba mwaka huu tutaitengeneza. Idi zimepita nyingi. Basi hatukuona uso wa kuwanasihi wenzetu juu ya jambo lililotushinda sisi.

Jibu tulilipata mbali na bahari. Mwezi uliopita tulipanda Kericho kumjulia hali mzee mmoja aliyekuwa sahibu wa baba yetu tangu ujana wao. Ni Mkipsigis, fundi wa magari aliyestaafu baada ya kuyatumikia mashamba ya chai kwa miaka thelathini. Atokaye Mombasa akafika huko hushangazwa kwanza na baridi, maana mji uko juu ya bahari kwa takriban mita 2,000. Kisha hushangazwa na mvua ya alasiri, ambayo wenyeji huingoja kama sisi tunavyongoja maji kujaa na kupwa. Chai ilianza kulimwa huko kwa mapana katika miaka ya 1920, na tangu hapo nchi hiyo imekuwa nchi ya magari. Jani bichi la chai halingoji: likichumwa asubuhi lazima lifike kiwandani siku iyo hiyo, kama barabara ni kavu au ni tope. Kwa hiyo palihitajika malori, trekta na Land Rover, na palihitajika watu wa kuyaamsha magari hayo alfajiri. Tukisafiri kutoka Kericho kwenda Bomet, kupitia Litein, Kapkatet na Sotik, tuliyaona mengine yamepumzika chini ya mabanda ya mabati, kuku wakitaga ndani yake.

Wenyeji hawasahau kukumbusha kwamba Joginder Singh, yule dereva aliyeshinda mbio za Safari mara tatu, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, aliupata pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika, ilhali wengine walikuja na magari mapya. Mwenyeji wetu alilitaja jambo hilo mara mbili kabla ya chai kupoa. Kwake yeye ni hoja: gari kuukuu katika mkono unaolijua si gari la kudharauliwa.

Mchezo huu wa kufufua magari una watu wake duniani kote. Huko Marekani, khasa California, vijana waliyachukua magari ya zamani kama Ford za mwaka 1932, wakayavua kila kilicholeta uzito, wakayatia injini za nguvu, kisha wakashindana kwa mwendo. Huku kwetu shabaha aghalabu ni nyingine. Mtu hutaka gari litembee tena, liende sokoni, na jina la aliyelimiliki lisipotee. Hata hivyo tamaa ya kwanza ni moja kote: kila mtu hutaka kuisikia injini ikinguruma. Hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Mzee wetu alinunua Land Rover iliyokuwa imeachwa chini ya miti kwa miaka mingi. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 1948, na bodi yake ni ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, na kwa hiyo mtu hulitazama gari hilo akadhani ni zima. Fremu iliyo chini ni ya chuma, na mabomba ya breki pia ni ya chuma, na hayo hayaonekani ila kwa mwenye kuinama.

Mzee na mwanawe walilifanyia kazi katika banda lililo nyuma ya jiko, kila Jumamosi na kila jioni isiyo na mvua. Walisafisha kabureta, wakabadilisha plagi na gasketi, wakaosha tangi la mafuta. Siku injini ilipoitika, Mama mwenye nyumba alitoka jikoni na mwiko mkononi, na majirani wakaja kusikiliza. Dada wa kijana yule alikuwa ameposwa, na pale pale ikasemwa kwamba bibi harusi atapelekwa kwa Land Rover ya baba yake.

Wiki iliyofuata Mzee alikwenda sokoni. Kijana akafungua lango akalitoa gari, apate kulionja tu. Njia ya kutoka nyumbani kwao huteremka kuelekea mtoni, kati ya michai pande zote mbili. Alipokanyaga breki mara ya kwanza lilipunguza mwendo. Alipokanyaga mara ya pili pedali ilishuka hadi sakafuni, na gari likaendelea. Bomba moja lililoliwa na kutu, lililofichwa na matope na grisi iliyoganda, lilikuwa limepasuka. Land Rover nyingi za zama hizo zina mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Ukikatika mahali pamoja, yote manne hupotea kwa wakati mmoja. Akavuta breki ya mkono. Katika gari hilo breki ya mkono haishiki magurudumu, bali hushika shafti itokayo kwenye gia, na dramu yake ilikuwa imelowa oili iliyovuja. Nayo haikushika kitu.

Mbele yake, kandokando ya njia, alikuwapo mama mmoja mchumaji, kikapu mgongoni. Kijana alipiga honi akakata usukani, akaliingiza gari ndani ya michai. Mama yule aliruka, kikapu kilimwagika. Michai ya miaka mingi ina mashina magumu, nayo ililishika gari likasimama. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Kati ya gurudumu la mbele na kikapu, Mzee alituambia, alipima mwenyewe kwa miguu yake: hatua mbili.

Watu wa huko hawahitaji kuelezwa maana ya hatua mbili. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, ndani ya kaunti iyo hiyo ya Kericho, lori lilikosa njia likavamia magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafariki.

Tulipokuwa tukisimuliwa haya, kijana mwenyewe alikuwapo, ameinama akipangusa spana ambazo zilikuwa safi tayari. Tulidhani Mzee angemlaumu mbele yetu. Badala yake alisema: "Wanangu, kosa hili si lake. Miaka thelathini nimewafundisha vijana wa watu kwamba breki ndiyo kazi ya kwanza. Huyu wangu nilimpa spana aanze na injini, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitamani kuisikia kabla sijafa." Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Baba, ufunguo niliuchukua mimi." Hakuna aliyemjibu.

Jioni ya siku ile ya ajali walikwenda wote wawili nyumbani kwa mama mchumaji kumwomba radhi, wakamlipa siku alizokaa bila kuchuma kwa ajili ya mshtuko. Kisha gari likarudishwa bandani na kazi ikaanzwa upya, safari hii kutoka chini. Waliyaondoa mabomba yote, si lile lililopasuka peke yake. Waliifungua breki masta na silinda ndogo za kila gurudumu, wakatia mipira mipya. Walibadilisha breki shuu. Hapo Mzee alikuwa mkali: breki shuu za kale huenda zikawa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu, basi alimkataza mwanawe kulipuliza kwa mdomo au kwa pampu, lilipanguswa kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakazuiwa kukaribia.

Alitueleza pia jambo ambalo sisi hatukulijua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, maji yaliyomo hukila chuma kwa ndani. Na katika mteremko mrefu, breki zikishika moto, maji hayo huchemka yakawa mvuke. Mafuta hayabonyei, ila mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, akahisi amekanyaga sifongo. Kwa hiyo gari lililolala haliaminiki hata kama bomba halijatoboka. Mafuta ya zamani humwagwa yote, mapya hutiwa, na hewa hutolewa gurudumu kwa gurudumu mpaka pedali iwe ngumu chini ya mguu.

Kazi hiyo haikuwahi harusi. Bibi harusi alipelekwa kwa Probox ya jirani, na Mama alitukiri kwamba binti yake alilia kidogo asubuhi ile, kisha akasahau. Mzee hakukubali kushawishiwa. Rangi hadi leo haijapakwa; mlango mmoja ni wa kijani na mwingine ni wa kijivu.

Sasa tuwajibu kina mama zetu. Kufufua gari kuukuu ni ufundi wa haki, na ndani yake mna subira, hesabu na suhuba ya baba na mwana ambayo ni adimu zama hizi. Hatuwezi kuuita israfu kwa kuwa tu unachukua jioni za mtu. Hata hivyo una masharti yake, na mwenye nyumba ana haki ya kuyadai.

Sharti la kwanza ni utaratibu. Mwulizeni kwa upole: breki zimefunguliwa? Ikiwa jibu ni kwamba rangi imenunuliwa na redio iko njiani, basi kazi imeanzwa mkiani. Kwanza ni breki, usukani na magurudumu; kisha fremu; kisha injini; rangi ni ya mwisho, na ikikosekana si aibu.

Sharti la pili ni usalama wa uani. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Asiingie mtu chini yake mpaka liwe limekaa juu ya stendi imara za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari. Matofali hupasuka bila kuonya. Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo humuua mtu akidhani ana usingizi tu. Petroli isiwekwe katika chupa za soda, mahali penye watoto.

Sharti la tatu ni fedha, nalo ndilo linalovunja nyumba nyingi kimyakimya. Kiasi kitajwe mbele ya mke, kiandikwe, na kisizidi kile kinachobaki baada ya chakula, karo na madeni. Kwa Mzee wetu, daftari la gari hutunzwa na Mama. Yeye hajui kabureta ni nini, lakini anajua kila bolti ilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

Siku ya mwisho tulipandishwa katika Land Rover hiyo, kijana akiendesha, baba yake kando yake. Tukaiteremka njia ile ile. Katikati ya mteremko, pasipo kuambiwa, kijana alikanyaga breki, na gari likasimama pale pale, limenyooka, injini ikinguruma taratibu. Ndani ya michai alikuwapo mama mwenye kikapu. Aliinuka akatutazama kitambo, kisha akainama kuendelea kuchuma. Mzee akamwambia mwanawe, "Haya, twende."

Tuliporudi Mombasa tuliliondoa turubai. Hatukuigusa injini ya marehemu; tulimwita fundi ainame. Alipoinuka alitwambia kwamba sakafu na mihimili ya chini imeliwa vibaya, na kwamba gharama ya kazi ya haki inazidi uwezo wetu wa mwaka huu, nasi tuna karo mbele yetu. Basi turubai tumelirudisha. Idi ijayo ndugu watakapouliza, tutawajibu hivyo, na wale wenye uwezo wa kuchangia watajua wanachangia nini.

Wassalamu alaykum.