Daftari la Wiki: Muhula Mmoja Ng'ambo ya Ruvuma

Mji wa Mtwara uko karibu zaidi na Pemba ya Msumbiji kuliko ulivyo karibu na Dar es Salaam. Kwa mstari ulionyooka, Pemba ni kama kilomita 300 kusini; Dar ni karibu 400 kaskazini. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kusoma muhula mmoja ugenini huitaja India, China au Uturuki kabla hajaikumbuka nchi hiyo jirani. Pemba hii si kile kisiwa cha karafuu. Ni makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, mji wa bandari ambao Wareno waliuita Porto Amélia. Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa 2006 na chenye makao yake Nampula, kina tawi hapo la sayansi na uhandisi, na Chuo Kikuu cha Katoliki cha Msumbiji nacho kina kitivo mjini humo.

Kikwazo cha kwanza ni kalenda. Mwaka wa masomo wa Msumbiji huanza Februari au Machi na kumalizika Novemba au Desemba, ilhali Tanzania huanza Oktoba au Novemba. Anayehama kwa muhula mmoja hupata nafuu akiuacha muhula wake wa pili wa nyumbani na kuchukua muhula wa kwanza wa huko. Mwanzo wake bado ni majira ya mvua na vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019, wiki ambazo mwanafunzi mgeni angekuwa katikati ya masomo yake.

Kikwazo cha pili ni karatasi. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyotiwa saini 1997, inazitaka nchi wanachama zitenge angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo kwa wanafunzi wa nchi nyingine za jumuiya, na hatimaye ziwatoze ada sawa na ya wenyeji. Ni kifungu kizuri ambacho wanafunzi wachache wamewahi kukisikia. Asiyekitaja mapema katika barua yake ya maombi asishangae akitozwa ada ya mgeni. Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi, lakini muhula si ziara fupi. Kibali cha mwanafunzi hushughulikiwa kabla ya kuondoka.

*

Msumbiji iko saa moja nyuma ya Tanzania, ingawa Pemba na Mtwara hulipata jua karibu kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba mwezi Juni jua la Pemba huzama yapata saa kumi na moja jioni, na adhana ya magharibi husikika wakati ambao Mtwara saa zingesoma saa kumi na mbili. Asubuhi nayo huwahi. Mgeni anayelala mpaka saa mbili atakuta soko la samaki limekwisha kazi.

Fedha ni metical, ambayo ilipunguziwa sifuri tatu mwaka 2006. M-Pesa ipo, na e-Mola ya mtandao wa Movitel pia, lakini laini ya Tanzania haimfai mtu huko, husajiliwa mpya. Daladala huitwa chapa. Barabarani magari hupita kushoto, kwa hiyo angalau kuvuka njia hakuhitaji mafunzo.

Chakula hakimtishi mtu wa pwani. Ugali huitwa xima, kisamvu cha karanga na nazi huitwa matapa, na bajia huuzwa zikiwa zimetiwa ndani ya mkate. Mkate wenyewe Wamsumbiji wanaujua vizuri kuliko majirani zao wa kaskazini, na hilo halina ubishi.

*

Mji wa Pemba husomeka kwa mitaa yake. Paquitequete, kwenye ncha ya rasi, ni mtaa wa kale wa Wamwani, wavuvi na mabaharia Waislamu wa pwani hii. Wimbe ni ufuko wa hoteli. Upo na mtaa unaoitwa Cariacó, jina ambalo mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa.

Kimwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na mzungumzaji wa mmoja huanza kumfuata mwenzake baada ya siku chache za kusikiliza, ingawa maneno ya Kireno na ya lugha za bara humkwaza. Kaskazini zaidi, upande wa Palma, Kiswahili chenyewe huzungumzwa. Darasani na ofisini lugha ni Kireno. Anayefika bila Kireno atazungumza vizuri sokoni na kunyamaza kwenye semina, na kunyamaza huko ndiko kunakoharibu mihula mingi. Miezi mitatu ya Kireno kabla ya safari ina faida kuliko mwaka mzima wa kusoma kuhusu Msumbiji kwa Kiingereza.

*

Safari za masomo katika pwani hii zina historia ndefu, nazo kwa kawaida zilielekea upande mwingine. Vyuo vya dini na masharifu viliiunganisha pwani na Kilwa, Zanzibar na Komoro. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Msumbiji, mjini Maputo, zimo barua za karne ya 19 ambazo masheikh na machifu wa kaskazini waliwaandikia maofisa wa Kireno, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Bwana Shaki bin Abdulatifo wa Quissanga ni mmoja wa waandishi hao. Mwanafunzi wa historia anayejua Kiswahili na kuweza kusoma herufi hizo ana mtaji ambao wenzake wa Lisbon na Paris hulazimika kuutafuta kwa miaka.

Karne ya 20 iliongeza njia nyingine. Wamakonde walivuka mto Ruvuma, ulio mpakani, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Baada ya mauaji yaliyofanywa na wakoloni wa Kireno huko Mueda tarehe 16 Juni 1960 na kuundwa kwa chama cha ukombozi cha Frelimo mjini Dar es Salaam mwaka 1962, wakimbizi walifuata na shule zikafuata: Taasisi ya Msumbiji ikafunguliwa Kurasini mwaka 1963 chini ya Janet Mondlane, ikavurugwa na mgogoro wa ndani ya Frelimo wa 1968, kisha shule ya sekondari ikaendelea Bagamoyo. Ndiyo maana mgeni wa Kitanzania akifika miongoni mwa wazee wa uwanda wa Mueda hujibiwa kwa Kiswahili safi. Deni la ukarimu liko pande zote mbili, na ni ajabu kwamba vyuo havijalitumia.

*

Kisiwa cha Ibo, katika funguvisiwa la Quirimbas, ndiyo ziara ambayo kila mgeni huambiwa asiikose. Kilikuwa mji mkuu wa Cabo Delgado kabla ya Pemba. Ngome yake yenye umbo la nyota, São João Baptista, ilijengwa 1791, na biashara ya watumwa ilikitajirisha. Leo kina mafundi wa mapambo ya fedha, kahawa yake yenyewe, na wanawake wanaojipaka msiro, urembo mweupe wa mti, usoni. Mashua hutoka upande wa Quissanga na hufuata maji. Maji yakitoka, hakuna safari. Kati ya Ibo na kisiwa cha Quirimba watu hutembea kwa miguu maji yakiwa yametoka, wakipita kwenye mikoko, pamoja na mtu anayejua saa za kurudi.

Ziara hiyo na nyinginezo zimebanwa na vita. Mashambulizi ya waasi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma, ulio kando ya mradi wa gesi wa Afungi, ulishambuliwa Machi 2021. Mwaka 2022 idadi ya waliohama makwao ilikaribia milioni moja, na maelfu walikuwa wameshukia ufuko wa Paquitequete wakiwa ndani ya mashua. Mwanafunzi anayeishi Pemba hukaa na watu hao mtaa mmoja. Kuwahoji kwa ajili ya insha ya muhula, bila ruhusa na bila msimamizi, ni utovu wa adabu hata kama chuo cha nyumbani kingetoa alama.

Ruhusa yenyewe ina utaratibu. Utafiti wowote nje ya darasa huhitaji barua ya chuo, credencial, inayopelekwa ofisi ya wilaya kisha kwa katibu wa mtaa. Bila barua hiyo mgeni mwenye daftari na kamera hutiliwa shaka, na katika jimbo lenye askari wengi shaka hiyo ina msingi. Majengo ya serikali na wanajeshi hawapigwi picha. Safari ya kaskazini mwa Pemba, Ibo ikiwemo, hupangwa baada ya kuuliza chuo hali ya wiki hiyohiyo.

Anayetaka kwenda aandike barua yake kwa Kireno, aambatanishe matokeo yaliyotafsiriwa na kuthibitishwa, na aitume kabla vyuo vya huko havijafunga mwezi Desemba.