Mapazia yanangoja, kumi la mwisho halingoji

 

Daftari langu la oda za sikukuu linafungwa Ramadhani 15. Hakuna "fundi, nifanyie hili moja tu". Baada ya hapo namalizia nilizopokea, na usiku wa 21 ukiingia cherehani hailii tena usiku. Wapo wateja walionuna, na mmoja kaniambia nimeanza kuringa. Sawa tu. Mimi naona wanawake tunajinyima wenyewe jambo kubwa kila mwaka, kisha tunaliita uchovu wa sikukuu.

Hebu tuhesabu. Laylatul Qadr ni bora kuliko miezi 1,000, yaani zaidi ya miaka 83. Tunautafuta usiku huo katika kumi la mwisho, hasa zile za witri: 21, 23, 25, 27 na 29. Sasa nambieni, nyusiku hizo sisi tunakuwa wapi? Tukitoka tarawehe tunaelekea Darajani, tunabanana na umma mzima kutafuta viatu vya watoto. Tukirudi nyumbani visheti havijakaangwa, foronya hazijapigwa pasi, na mapazia mapya yamo mfukoni yanasubiri kutundikwa. Daku inatukuta wima. Bibi Aisha ametusimulia kwamba likiingia kumi la mwisho Mtume (S.A.W.) alikuwa akikesha na akiwaamsha watu wa nyumba yake. Aliwaamsha kwa ajili ya ibada, si kwa ajili ya foronya.

Wala sisemi tusipendeze. Kuvaa vizuri siku ya Idi ni sunna, tena ndiyo riziki yangu. Lakini viatu vya watoto vipo tangu Shaabani, na kitambaa cha mapazia hakiozi. Anayengoja mpaka Ramadhani 27 ananunua kwa bei ya mwenye shida, na muuzaji anamjua usoni. (Atakayesema fundi anajipigia debe ili oda zije mapema, hajakosea sana. Lakini ukweli unabaki ukweli.)

Halafu kuna huu mwili. Kuna kisa ninachokipenda cha Salman na Abu Dardaa. Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake huyo akamkuta mkewe hajijali hata kwa mavazi, maana mume mchana anafunga na usiku anasali, nyumba kaisahau. Salman akamlazimisha ale, kisha akamlazimisha alale, akamwamsha mwisho wa usiku wakasali pamoja. Akamwambia Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Mtume (S.A.W.) akasema Salman kasema kweli. Ikiwa hata sala za usiku hazikumpa mtu ruhusa ya kuutupa mwili wake, itakuwa mapazia?

Basi lala baada ya adhuhuri, hata nusu saa. Maji yanywe kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, usijaze jagi zima tumboni wakati wa adhana. Na futari ya sahani saba haijaandikwa popote: tende, uji, muhogo wa nazi na kipande cha samaki, watu wameshiba. Vyombo wapeni na watoto wa kiume. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alisema akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Kijana wa miaka 15 hatavunjika mkono kwa kuosha sufuria.

Na wewe uliyeingia kwenye hedhi kumi hili, usijione umefungiwa mlango. Dhikri ipo, dua ipo, sadaka ipo. Kaa pahala pako palipo safi, zima simu, omba ile dua fupi ya msamaha aliyofundishwa Bibi Aisha. Usigeuzwe mpishi wa zamu eti kwa sababu husali.

Sasa nyinyi wadogo zangu, maharusi wa Mfunguo Mosi. Mwezi mmechagua vizuri. Waarabu wa zama za ujahiliya waliuona una nuksi kwa ndoa, na Bibi Aisha akijivunia kwamba yeye aliolewa ndani yake. Lakini mwezi una siku 29 au 30, kwa nini nyote mnataka siku ya tatu ya Idi? Kipimo nilichokuchukua Shaabani hakikukai Ramadhani 28, umepungua kwa funga. Ukila biriani ya sikukuu siku mbili, kinabadilika tena. Mimi huacha akiba ya kitambaa ubavuni, ila akiba ya usingizi siwezi kukushonea. Biharusi anaijaribu nguo huku anasinzia, mama anamgombeza, mawifi wanapiga simu kuuliza sare, naye machozi yanamtoka. Hiyo si furaha.

Sogezeni mbele, nusu ya pili ya mwezi. Singo ipate wakati wake. Zamani biharusi alikaa ndani siku kadhaa na somo wake, anasuguliwa mpompia, asmini na liwa, anaambiwa maneno ya kumfaa. Siku hizi yote hayo yanakwenda mchana mmoja, simu mkononi. Na sare za wageni punguzeni. Gauni la Idi linafaa kabisa kuvaliwa harusini, ingawa kwa kusema hivi najipunguzia oda.

Aliye na harusi baada ya Mfunguo Mosi 15 aje kupimwa siku ya nne ya Idi, asubuhi. Kabla ya hapo msinitafute. Nipo Kariakoo na watoto, kwenye bembea.