Mmea Alioacha Marehemu



Dada yetu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mirathi iligawanywa kama ilivyopasa. Kilichobaki bila ya kudaiwa na yeyote ni mmea uliokuwa ukining'inia katika nondo za dirisha la ukumbini, umepandwa ndani ya kopo la samli. Ni ule wenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yenye mabaka ya manjano, ambao wengi huuita mani planti. Kwa mapenzi tukawa tunaumwagilia asubuhi na jioni, na kwa mapenzi hayo hayo tukauozesha mizizi, kwani kopo halikuwa na tundu hata moja. Majani yakageuka manjano. Shina likalegea na kutoa harufu.

Vijana wa nyumbani walishauri utupwe, ununuliwe mwingine. Hatukuweza. Tukachuma majani matano yaliyokuwa bado mazuri, tukayatia katika gilasi ya maji. Miezi miwili ikapita, majani yako vile vile, wala hayakui. Jirani yetu, mama mtu mzima, alikuja kutujulia hali, akayatazama, akacheka kwa adabu.

"Shekhe, mmechukua majani mkaacha mafundo."

Hilo ndilo tulilokuwa hatulioni. Shina la mmea huu lina mafundo, pale kila jani linapoota, na penye fundo mara nyingi hutokeza kinundu cha rangi ya kahawia. Kinundu hicho ni mzizi unaongoja maji. Jani lisilo na fundo laweza kukaa kijani muda mrefu, pengine hata likatoa vizizi, lakini halitoi chipukizi, kwa kuwa jicho la mmea limo katika fundo.

Yalibaki matawi mawili yaliyo hai. Tukayakata kwa kisu kikali kilichosafishwa, chini kidogo ya fundo, kila kipande kikiwa na mafundo mawili au matatu. Jani la chini likaondolewa, fundo likazama, na majani mengine yakabaki juu ya maji. Tukaviweka penye mwanga, pasipopigwa na jua kali. Maji yawe ya mvua au ya mfereji. Visima vyetu vingi hapa pwani vina chumvi, nayo huunguza ncha za majani.

Maji hayo yamwagwe kila baada ya siku tatu, na gilasi isuguliwe ndani. Mbu wa homa ya dengi, wazee wetu wakiiita kidingapopo, hupenda maji safi kama hayo ya ndani ya nyumba, na mayai yake huyagandisha ubavuni mwa chombo. Waliougua Mombasa mwaka 2013 wanaelewa tusemayo. Na wenye watoto watambaao wauning'inize juu, kwani ukitafunwa huwasha kinywa na koo.

Wiki ya tatu mizizi ilifika kama sentimita 5, tukapanda katika udongo uliochanganywa na mchanga. Si mchanga wa ufuoni, una chumvi.

Wapo wasemao kwamba mmea huu hauleti baraka mpaka kipande chake kiibwe. Tumeyasikia hata kwa watu wa safu ya mbele msikitini! Asili yake ni kisiwa cha Moorea, katika Bahari ya Pasifiki, nao ni nadra mno kutoa maua, seuze mbegu. Karibu kila ulioko majumbani umetokana na kipande kilichokatwa kwa mwingine. Mwombeni mwenyewe. Hapungukiwi kitu, kwani shina likikatwa huchipua upya nyuma ya lilipokatwa.

Vipande vyetu vilikuwa sita. Viwili vilioza, vinne vikashika. Kimoja amekichukua binti wa marehemu, amekwenda nacho Malindi. Kingine tulimpelekea mama jirani, naye amekipanda katika kopo la samli, baada ya kulitoboa.