Walishinda mechi 50 na bado wakafungiwa mlango

Wewe shabiki wa vikapu unayejua kila kitu kuhusu Bulls na Lakers, nikuulize: Phil Jackson alijifunzia wapi kazi ya ukocha? Si Chicago. Alijifunzia Albany, mji mkuu wa jimbo la New York, akiwa na timu ya Albany Patroons. Kama hujawahi kuisikia, huna lawama. Ilikuwa timu ya ligi ndogo iliyoitwa CBA, na timu yenyewe iliondoka mjini mwaka wa 1993.

Nimekuwa nikichimba habari za timu hii kwa sababu kuna wimbo tunaoimbiwa kila siku huku mtandaoni: kaza, shinda, mengine yatajipa. Patroons walikaza. Walishinda kuliko karibu timu yoyote iliyowahi kucheza ligi ile. Halafu angalia kilichowapata.

Walianza mwaka wa 1982. Uwanja wao ulikuwa Washington Avenue Armory, jumba kuukuu la matofali lililojengwa kwa ajili ya mazoezi ya wanajeshi. Mapema 1983, msimu ukiwa katikati na timu ikiyumba, wakamwita Jackson. Wakati huo hakuwa ameongoza timu yoyote kama kocha mkuu wa kulipwa, na huko NBA hakuna aliyekuwa akimpigia simu. Mwaka uliofuata, 1984, akawapa ubingwa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya pesa. Jackson amesimulia kwamba pale Albany alifanya wachezaji wote walipwe mshahara sawa, dola 330 kwa wiki, na akajaribu kuwagawia pia dakika za uwanjani bila upendeleo mkubwa. Hebu fikiria ligi ambayo kila msee anacheza akiwa na jicho moja kwa skauti wa NBA. Kila mtu anataka pointi 30 zake ili aonekane. Kocha anakuja anasema hapana, hapa mnakula sahani moja. Na ikafanya kazi! Miaka kadhaa baadaye alimuomba Michael Jordan agawane mpira na wenzake, lakini ombi hilo lilikuwa limeshajaribiwa kwa vijana wa dola 330.

CBA yenyewe ilikuwa ligi ya vituko vizuri. Msimamo wake haukuhesabu ushindi peke yake. Ukishinda mechi unapata pointi 3, halafu kila robo unayoshinda inakuongezea pointi 1, kwa hivyo mechi moja ilikuwa na pointi 7. Hata ukiwa umechapwa vibaya, robo ya mwisho ina maana. Sielewi kwa nini ligi nyingine hazijaiba wazo hili.

Jackson akaenda Chicago mwaka wa 1987. Bill Musselman akachukua usukani, akashinda mechi 48 na kupoteza 6, kisha akanyakua ubingwa wa 1988. Halafu ukaja msimu wa 1990-91 chini ya George Karl: ushindi 50, vichapo 6. Nyumbani walicheza mechi 28 za msimu wa kawaida na hawakupoteza hata moja. Hata moja! Ubingwa uliwaponyoka kwenye mchujo, ukaenda kwa Wichita Falls Texans, lakini rekodi ile iliwafanya wazungumzwe nchi nzima.

Ndani ya kikosi hicho kulikuwa na Mario Elie. Huyu ndiye ninayemfuata sana. NBA ilimchagua mwaka wa 1985 katika raundi ya 7, yaani karibu na mwisho kabisa, na hakupata kazi. Akazunguka dunia akicheza Ireland, Argentina na Ureno. Akarudi Albany, kwenye jumba la wanaosubiri. Golden State wakamchukua, na kufikia 1999 alikuwa na pete tatu za ubingwa wa NBA, mbili za Houston na moja ya San Antonio. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hadithi za waliopitia mlango wa nyuma hunigusa, sijifichi. Lakini nataka uone kitu ambacho wasimuliaji wa hadithi hizi hupenda kuruka: ili upitie mlango wa nyuma, lazima kuwe na mtu anayelipa kodi ya nyumba hiyo.

Na hapo ndipo Patroons walipoumia. NBA ilipomhitaji mchezaji, ilimchukua katikati ya msimu kwa mkataba wa siku 10. Ligi ililipwa kitu kidogo, kocha akabaki na pengo. Ukiwa mzuri zaidi, unanyang'anywa zaidi. Jiulize wewe, kuna biashara gani nyingine ambayo mteja anachukua mzigo wako bora katikati ya siku ya soko, anakuachia chenji, na unatakiwa ushukuru?

Mwaka wa 1992, msimu mmoja tu baada ya zile mechi 50 kumalizika, timu ilibadilishwa jina ikawa Capital Region Pontiacs. Ndiyo, Pontiac, gari. Jina la mtaa likauzwa kwa jina la tangazo. Mwaka wa 1993 timu ikahamishiwa Hartford, jimbo la Connecticut, ikaitwa Hellcats, na kufikia 1995 ikawa imekwisha. Kuna kejeli hapa ambayo singeweza kuitunga. Patroon ni neno la enzi za Waholanzi, lilimaanisha bwana mkubwa aliyepewa ardhi kando ya mto Hudson na kuwatoza wengine kodi. Timu iliitwa Malandlodi, kumbe ilikuwa mpangaji.

Ligi nayo ikafuata. CBA ilikuwa na umri kuliko NBA, ilianzishwa Aprili 1946 na NBA ikazaliwa miezi miwili baadaye. Kwa miaka mingi kila timu ilikuwa na mwenyewe, mtu wa mji ule, mwenye duka au kampuni pale. Mwaka wa 1999 Isiah Thomas, nyota wa zamani wa Detroit, akanunua ligi nzima, timu zote, kwa takriban dola milioni 10. Mishahara ya wachezaji ikapunguzwa. NBA ikataka kuinunua kutoka kwake kwa takriban dola milioni 9 pamoja na mgao wa faida, akakataa. Mwaka wa 2000 akapewa kazi ya kuifunza Indiana Pacers, na sheria za NBA hazikumruhusu kocha kumiliki ligi nyingine. Mnunuzi hakupatikana. NBA nayo ilikuwa imeshatangaza kwamba inaanzisha ligi yake ndogo. Februari 2001, msimu ukiwa katikati, CBA ikasimama. Baadhi ya wenye timu wa zamani walizinunua tena na kujaribu kuifufua, ikakokota hadi 2009.

Wengi humlaumu Isiah na kufunga mjadala. Ni rahisi mno. Yeye hakuvunja mlango, aliuziwa. Wenye timu walichoka kupata hasara, wakaweka miji yote kwenye kikapu kimoja na kumpa mtu mmoja akibebe. Mashabiki wa miji hiyo hawakuulizwa. Wachezaji ndio kabisa.

Sasa, kwa nini nakusumbua na mambo ya Albany? Kwa sababu Nairobi City Thunder walipokuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL mwaka wa 2025, mtaa wote ulishangilia, na mimi nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. BAL inaendeshwa na NBA pamoja na FIBA. Ni mlango mzuri, na vijana wetu waupitie wakikimbia. Lakini timu nyingi tunazozijua hapa zinaegemea mkono wa taasisi: KPA ni ya bandari, Ulinzi Warriors ni ya jeshi, Equity Hawks ni ya benki. Bajeti ikibadilika siku moja huko ofisini, ushindi wa mechi 50 hautaingia kwenye kikao hicho.

Kwa hivyo bana, tunapojadili timu zetu tusiishie kwa nani ana "handle" kali na nani anadanki. Tuulize jina la klabu limesajiliwa kwa nani. Tuulize mchezaji akichukuliwa katikati ya msimu, klabu inabaki na nini, na kama mwenyewe akiuza, shabiki au mchezaji ana kura hata moja. Ni maswali ya kuchosha, najua, hayapati likes.

Mwaka wa 1996 Bulls walikutana na Seattle kwenye fainali ya NBA. Upande mmoja Phil Jackson, upande wa pili George Karl. Makocha wawili wa Albany, mbele ya dunia nzima, na Jackson akashinda 4-2. Wakati huo Albany haikuwa na timu. Jina la Patroons limefufuliwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwenye ligi ndogo, na wakati wa kufufuliwa walirudi kuchezea kwenye jumba lile lile la matofali.