Mshauri nasaha hafinyangwi darasani pekee

Na Daktari Wetu

UKITEMBEA katika mitaa ya Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu hutakosa kuona kibao kilichoandikwa "Ushauri Nasaha". Kimoja kitakuwa juu ya duka la dawa, kingine kando ya saluni, kingine ndani ya ua la kanisa. Anayeketi nyuma ya mlango huo huenda ni mtu aliyeisomea kazi hiyo chuoni kwa miaka sita au saba. Huenda pia ni mtu aliyehudhuria semina ya wiki tatu, akapewa cheti na kupigwa picha. Mgonjwa hana njia rahisi ya kuwatofautisha, na wote wawili watamtoza pesa.

Jambo hili linanihusu mimi kama daktari wa kawaida wa mjini. Kila wiki huja watu wanaolalamika kuumwa na kichwa, tumbo kujaa, moyo kwenda mbio au kukosa usingizi. Ninawapima damu, shinikizo na sukari. Mara nyingi vipimo havionyeshi kitu. Ukiwauliza mambo ya nyumbani ndipo unapopata kiini: kazi imekwisha, ndoa inavunjika, mtoto amefariki, deni limezidi. Wengi wa watu hawa hawahitaji vidonge, au hawahitaji vidonge pekee. Wanahitaji mtu aliyefunzwa tiba ya mazungumzo. Kabla ya kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa kwa mshauri, swali langu huwa ni moja: huyu ninayemwandikia, ni nani anayemwangalia akifanya kazi?

Kwanza tuelewane kuhusu maana ya kazi yenyewe. Wengi wetu hudhani ushauri nasaha ni kumpa mtu mawaidha, kama afanyavyo mjomba au mzee wa kanisa. La hasha. Mshauri aliyefunzwa huongea machache kuliko mteja wake. Kazi yake ni kusikiliza kwa mpango, kupima uzito wa shida, kutambua hatari na kumsaidia mtu kubadilisha namna anavyofikiri na kutenda. Ni lazima ajue kumuuliza mteja waziwazi kama anawaza kujiua. Wasio na mafunzo huogopa swali hilo wakidhani watampandia mtu wazo baya. Utafiti umeonyesha kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua.

Ni lazima pia ajue pale kazi yake inapokomea. Tezi ya shingo isipofanya kazi vizuri, mtu huwa mchovu, mzito wa mawazo na mwenye huzuni, kama aliye na mfadhaiko. Upungufu wa damu pia huchosha mtu na kumwondolea hamu ya mambo. Mama aliyejifungua majuzi na kuanza kusikia sauti zisizokuwepo hahitaji maongezi ya kila Alhamisi. Anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Mshauri asiyejua tofauti hizi anaweza kumweka mgonjwa kwenye kiti kwa miezi mitatu huku maradhi yakikomaa.

Nchi yetu imepata mafunzo kwa njia ngumu. Baada ya bomu kulipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998 na kuua watu zaidi ya 200, wengi walijitolea kuwafariji waathiriwa, na nia yao ilikuwa njema. Wakati huo ilikuwa desturi duniani kumketisha mtu mara moja baada ya msiba na kumtaka asimulie yote aliyoyaona. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kikao kimoja cha aina hiyo hakizuii madhara ya muda mrefu, na kwa baadhi ya watu huweza kuzidisha maumivu. Sasa Shirika la Afya Duniani halipendekezi njia hiyo. Somo ni wazi: huruma bila ujuzi inaweza kuumiza.

Sheria haikosekani. Mnamo 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Mnamo 2020 jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Huu ni uamuzi wa busara. Lakini mtu tuliyezoea kumpeleka seli sasa anafaa kupelekwa kwa mtaalamu. Je, tumewaandaa wataalamu hao?

Vyuo vikuu vyetu vinafundisha ushauri nasaha hadi shahada ya uzamili, na sina ubishi na wanaofundisha humo. Tatizo langu ni sehemu ya mafunzo ambayo haiwezi kupatikana kwenye vitabu. Mtu hajifunzi kushona kidonda kwa kusoma kuhusu uzi. Vivyo hivyo hajifunzi kuketi na mtu anayelia kwa kuandika tasnifu. Anahitaji kukutana na wateja halisi huku mtu mwenye uzoefu akimfuatilia, akimsahihisha na, inapobidi, akimsimamisha.

Hebu tazama wenzetu. Nchini Marekani, kozi ya uzamili iliyoidhinishwa na baraza la CACREP humtaka mwanafunzi afanye mazoezi ya awali ya saa 100, kisha saa 600 kazini, na katika hizo 600 zisizopungua 240 ziwe za kuwahudumia wateja moja kwa moja. Hapo bado hajapata leseni. Katika jimbo la New York, akishahitimu ni lazima afanye kazi saa 3,000 chini ya usimamizi na kupita mtihani. Ndipo anapoweza kufungua mlango wake mwenyewe. Sisemi tunakili kila kitu cha Marekani. Ninachosema ni kwamba waliokaa na jambo hili kwa muda mrefu wameona shahada ni mwanzo wa safari, si mwisho wake.

Hapa kwetu mwanafunzi wa ushauri mara nyingi hujitafutia mahali pa kufanyia mazoezi. Mmoja hupata shule ya sekondari ambako mwalimu mkuu humpa chumba na kumsahau humo. Mwingine hupata hospitali ambako hutumwa kupanga faili. Usimamizi wengi hujilipia wenyewe, juu ya karo ambayo tayari imewaelemea. Mwenye jamaa wa kumlipia humaliza vizuri. Asiye na uwezo hutafuta sahihi ya haraka kwenye karatasi ya saa, ama huacha kabisa. Matokeo ni kwamba washauri waliofunzwa barabara hujazana katika mitaa ya wenye fedha, huku Mathare na Mukuru wakibaki na wenye vyeti vya wiki tatu.

Linganisha na sisi madaktari. Baada ya chuo, kila daktari hufanya kazi ya mwanagenzi kwa mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya wakuu wake, na hulipwa. Malipo hayo yamezua ugomvi, na mgomo wa 2024 haujasahaulika. Hata hivyo hakuna anayedai kwamba mwaka huo wenyewe ufutwe. Kwa nini basi anayeshughulikia akili za watu aachwe ajipapasie njia?

Kuna watakaonipinga wakisema kwamba nikiweka masharti mengi maskini watakosa huduma kabisa. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Nchini Zimbabwe, Dkt Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Benchi la Urafiki mnamo 2006 jijini Harare, ambapo nyanya wa mtaani, wasio na shahada yoyote, huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wapinzani wangu huutaja mpango huo kama ushahidi kwamba shahada hazina maana. Lakini tazama kwa makini. Nyanya hao walifunzwa njia moja maalumu, walikuwa na wasimamizi, na walijua ni mgonjwa gani wa kumpeleka mbele. Nguzo ya mpango huo ni usimamizi, kitu kile kile ninachodai. Wahudumu wetu wa afya ya jamii wanaweza kufanya kazi kama hiyo, mradi nyuma yao awepo mshauri mwenye leseni wa kumkabidhi mgonjwa mzito.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila serikali ya kaunti itenge nafasi za wanagenzi wa ushauri nasaha katika hospitali zake, kwa mwaka mzima na kwa malipo, hata yakiwa madogo. La pili, wanaowasimamia watambuliwe rasmi na walipwe na mwajiri, si na mwanafunzi. La tatu, karatasi ya saa isikubaliwe kwa sahihi tupu. Msimamizi aeleze alichokiona mwanafunzi akikifanya, na bodi ikague baadhi ya ripoti hizo bila kutoa notisi.

Kijana anayewazia kusomea kazi hii asivutwe na jina la chuo wala uzuri wa majengo. Kabla ya kulipa karo aulize: kozi hii inatambuliwa na bodi? Nitawahudumia wateja halisi kwa saa ngapi? Nani atanisimamia, naye ana leseni? Chuo kitanitafutia mahali pa mazoezi au nitajitafutia? Akijibiwa kwa kuzungushwa, ashike njia aende kwingine.

Nawe msomaji unayetafuta msaada, una haki ya kuuliza pia. Mwombe mshauri akuonyeshe leseni yake ya mwaka huu. Muulize alisomea wapi na humwendea nani anapokwama. Mshauri mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Mwenye kukuahidi kupona kwa kikao kimoja, mwenye kukuuzia dawa, mwenye kukwambia uache vidonge ulivyopewa na daktari, au mwenye kusimulia siri za wateja wengine, mkimbie. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usingoje miadi. Nenda hospitali iliyo karibu leo, na umwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize.

Hatumruhusu mtu kuendesha matatu bila leseni, na dereva hubeba miili yetu kwa nusu saa tu. Anayebeba akili zetu kwa miezi anastahili kuchunguzwa zaidi ya dereva. Bajeti za kaunti hujadiliwa kila mwaka, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Mara ijayo tangazo la mkutano huo likitokea gazetini, nenda ukaulize kaunti yako imetenga nafasi ngapi za wanagenzi wa ushauri nasaha.