Kalemie: Samaki tunajua kumtunza, kwa nini nyama ya nguruwe inatuozea?

Jumamosi moja nilinunua kilo mbili za tumbo la nguruwe, ile sehemu ambayo nyama na mafuta vinapandana tabaka kwa tabaka. Nikaiweka kwenye frigo, nikingojea Jumapili. Usiku umeme ukakatika, ukarudi Jumatatu. Nyama tukaitupa. Mama jirani yangu aliniuliza neno moja tu: "Baba, chumvi ilikosekana sokoni?"

Swali lile linatuhusu wengi. Sisi wakaaji wa kando ya Ziwa Tanganyika, ndakala tunaanika juani, samaki wakubwa tunatia chumvi na kupitisha kwenye moshi. Lakini nguruwe akichinjwa, kila mtu anakimbia kuimaliza nyama siku ileile. Kumbe tumbo la nguruwe nalo linapenda chumvi na moshi. Wafaransa wanaliita lard, Waingereza bacon, na wengi wetu tunafikiri ni chakula cha hoteli. Si kweli.

Mwenye frigo inayofanya kazi, kwa kilo moja apime gramu 30 za chumvi, karibu vijiko viwili vya kula. Apake pande zote, afunike, aiweke kwenye ubaridi siku tano hadi saba, akiigeuza kila siku na kumwaga maji yanayotoka. Kisha aioshe, aikaushe, aipitishe kwenye moshi. Asiye na frigo asijaribu kungoja siku hizo zote, joto letu halina mchezo. Akate vipande vyembamba, atie chumvi, avichome juu ya moshi wenye moto siku hiyohiyo mpaka viive kabisa, na avile upesi.

Kuipika ni rahisi. Kata vipande vidogo, weka kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo wa makala. Mafuta yake yenyewe yatatoka. Ongeza kitunguu na nyanya, kisha maharagi au sombe. Usitie chumvi kabla ya kuonja. Kipande kidogo kinatosha kuipa ladha sufuria ya nyumba nzima, na bukari inashuka yenyewe. Kwa mama anayehesabu franka kila asubuhi, hiyo si anasa, ni akili.

Lakini hapa nataka tusikilizane vizuri: chumvi na moshi havigeuzi nyama mbaya kuwa nzuri.

Kwanza, nguruwe wanaozunguka mitaani na kula mavi ya watu wanaweza kumeza mayai ya tegu. Ndani ya nyama utaona vijipovu vyeupe kama punje za mchele. Nyama hiyo isipoiva inampa mtu tegu tumboni. Na mayai yanayotoka kwa mtu huyo, yakiingia kwenye chakula au maji, yanaweza kufika hata kwenye ubongo na kuleta kifafa. Wangapi kati yetu wameambiwa kwamba ni mapepo?

Pili, kuna homa ya nguruwe ya Afrika. Haimshiki mtu, lakini inamaliza zizi zima na haina dawa. Mfugaji akiona nguruwe wanakufa, anawachinja haraka na kuuza kwa bei ya chini. Virusi vyake vinakaa miezi ndani ya nyama, hata iliyotiwa chumvi. Mabaki ukiwatupia nguruwe wako, umeleta kifo nyumbani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Viongozi wetu, daktari wa mifugo aonekane pale nguruwe wanapochinjwa, si ofisini tu. Wafugaji, fungeni nguruwe zizini, na kila nyumba iwe na choo.

Na wewe mnunuzi, nyama ya bei ya kushangaza, uliza kwanza. Ukiridhika, nunua chumvi, washa moto. Umeme ukikatika, usiku huo utalala vizuri.

Ni mimi mwandishi wenu, hapa Kalemie.