Tusiuchekee Unene Uliozidi



Wengi wetu bado tukimwona mtu aliyenenepa sana tunasema amependeza, na kitambi tunakiita cha utajiri. Sisi tunaohudumia wagonjwa wodini tunaomba msemo huo tuuache. Unene uliozidi ni ugonjwa, na Korona imetuonyesha hivyo waziwazi.

Desemba 2021 madaktari wa Cleveland Clinic, huko Ohio, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 20,212 wenye unene uliozidi. Kati yao, 5,053 walikuwa wamepasuliwa ili kupunguza uzito, kati ya mwaka 2004 na 2017, kabla Korona haijatokea. Upasuaji huo hupunguza mfuko wa chakula, na mtu hushiba upesi.

Virusi viliwaingia watu wa makundi yote mawili karibu sawasawa, kama asilimia 9. Tofauti ilionekana baada ya kuambukizwa. Kwa waliopasuliwa, hatari ya kulazwa hospitali ilikuwa pungufu kwa asilimia 49, ya kuhitaji oksijeni kwa asilimia 63, na ya kuugua vikali kwa asilimia 60.

Kwa nini? Mafuta mengi ya tumboni huyabana mapafu kutoka chini, yakakosa nafasi ya kutanuka. Tena unene huandamana na kisukari na shinikizo la damu, magonjwa ambayo huudhoofisha mwili unapopambana na virusi.

Hatusemi kila mnene akimbilie kisu. Upasuaji huo ni wa gharama, una hatari zake, na aliyefanyiwa hutakiwa kutumia vitamini na kupimwa maisha yake yote. Wala uchunguzi mmoja wa kulinganisha watu hautoshi kuthibitisha kila kitu. Maoni yetu ni haya: kilichowafaa zaidi ni uzito uliopungua mapema. Homa ikishabisha hodi, muda wa kupungua umekwisha.

Basi, akina baba na akina mama, tupime uzito, sukari na shinikizo la damu tungali wazima. Tupunguze soda na vyakula vya mafuta mengi, na tutembee kwa miguu. Na ndugu yetu aliye mnene sana tusimcheke wala tusimsifu. Tumsindikize kwa daktari.